Damu ya Asubuhi

"Hivi Mama Amoni, damu ya mwanamume nayo ina saa zake?"

Jirani yangu Teresia aliniuliza hivyo bombani, ndoo yake ikiwa imejaa nusu. Nilikuwa nimemwambia kwamba kesho yake mimi na mwanangu tungeondoka hapa kwetu Mpemba alfajiri kwenda Vwawa, kwa sababu watu wa maabara walisema damu ya Amoni ichukuliwe asubuhi, kati ya saa moja na saa nne. Ikipita hapo si ile tena.

"Ndivyo walivyosema," nikamjibu. "Asubuhi inakuwa na nguvu zake. Jioni zinapungua."

"Ya marehemu wangu ilikuwa inapata nguvu jioni," akasema Teresia, "ikishasikia harufu ya kilabu."

Akacheka mpaka maji yakamwagika miguuni. Nami nikacheka, Mungu anisamehe, na kicheko kikanizungusha kichwa nikashika bomba. Ilikuwa siku yangu ya tatu sijatia kitu kinywani ila maji. Hilo sikumwambia.

Amoni ni mwanangu wa pekee aliyebaki. Ni fundi wa matairi hapa barabarani, malori ya Zambia na Kongo yote yanamjua. Alimuoa Judith miaka saba iliyopita, binti wa Mbozi Mission, mpole, mwenye mkono mzuri wa kupika na mkono mzuri zaidi wa kunyamaza. Miaka saba hakuna mtoto. Judith alipimwa mara ya kwanza, ya pili, ya tatu, kila mara akaambiwa yuko salama. Pasaka iliyopita kaka yake Ferdinand, anayefanya biashara Nakonde, alikuja akakaa sebuleni kwangu na kofia yake gotini.

"Mama," akasema, "dada yangu amepimwa mpaka amechoka. Sasa na mulamu, huyu shemeji yangu, apimwe."

Hakukosea. Amoni akaenda. Daktari akataka kwanza kile kipimo cha kikombe. Amoni alipoelezwa kinachotakiwa kutiwa ndani ya kikombe, na namna ya kukipata, akarudi nyumbani masikio yakiwaka. Judith ndiye aliyenieleza, akiangalia ukili aliokuwa anasuka. Sikumlaumu Amoni. Ni mimi niliyemsomea Mwanzo thelathini na nane, habari za Onani aliyeuawa na Mungu kwa kumwaga mbegu chini, tangu akiwa hajui kunyoa. Akakataa kabisa. Basi daktari akasema, kama ni hivyo tuanze na damu, tuone homoni zake, ingawa damu peke yake haisemi yote.

Ikawa damu.

Wiki ile ile Judith akaondoka kwenda Mbozi Mission kumzika shangazi yake. Nikabaki na mwanangu. Nikamwambia, "Kabla hatujawapa watu damu yako, tumpe Mungu kwanza." Akaitika. Hajawahi kunibishia neno la Mungu. Tukafunga siku tatu, maji tu, na ya mwisho tukakesha tukiomba mpaka majogoo. Mchana anafungua matairi ya malori na tumbo tupu, jioni anakuja kupiga magoti. Nilikuwa nimewaahidi akina mama wenzangu wa maombi kwamba safari hii mlango utafunguka. Niliwaambia kama mtu aliyeuona ufunguo.

Njaa ya kufunga si kama njaa ya kukosa. Siku ya kwanza inauma, ya pili inanyamaza, ya tatu inakuwa nyepesi, unatembea kama umewekwa juu ya maji. Asubuhi ile ya Vwawa dunia nzima ilikuwa hivyo. Dereva mmoja, mteja wa Amoni, alitupakia mbele kwenye lori la saruji lililokuwa linarudi tupu. Ukungu ulikuwa umelala barabarani, mzito, mweupe, na lori liliuingia taratibu kama linaogopa kuuamsha. Kahawa ilikuwa imechanua. Huioni, lakini harufu yake inakuja dirishani, tamu kama ya mtoto aliyeogeshwa. Nikamuona marehemu mume wangu. Alikuwa anatembea katikati ya mibuni, suruali ameikunja mpaka magotini, anagusa matawi moja moja kama anayehesabu kondoo. Hakunitazama. Nilitaka kumwambia Amoni, tazama, baba yako. Nikageuka nikamwona Amoni amesinzia, mdomo wazi, kama alipokuwa na miaka minne. Nilipogeuka tena mibuni ilikuwa peke yake.

Kabla ya kushuka nilimpa mafuta. "Jipake," nikamwambia. Akaelewa. Imeandikwa, ufungapo jipake mafuta kichwani na unawe uso, ili usionekane na watu kuwa unafunga. Akanawa kwa maji ya chupa, akajipaka, uso ukang'aa. Ungemwona ungesema huyu ametoka kwenye ubatizo.

Aliyemtoa Amoni damu alikuwa binti mmoja anaitwa Stamili, amejifunga ushungi mweupe, mkono mwepesi. Mlango wa chumba chake ulikuwa pazia tu, nami nilikaa kwenye benchi nje nikiwaona wote wawili.

"Shikamoo mama," akaniamkia, kisha akamgeukia Amoni. "Kaka, umelala vizuri?"

Amoni akanitazama. Mimi nikatazama ukuta.

"Nimelala, dada."

"Jana umekula kama kawaida?"

"Niko vizuri."

"Wiki hii hujaumwa? Malaria, homa? Kuna dawa unatumia?"

"Hapana. Niko vizuri kabisa."

Hakusema uongo kwa nia mbaya. Hata mimi ningejibu hivyo. Kufunga kwako ni kwa Baba yako aliye sirini, si kwa mtu mwenye sindano. Stamili akaandika. Akafunga mpira mkononi, akapapasa mshipa, damu ikapanda kwenye kichupa. Nilishangaa ilivyokuwa nyeusi. Nilidhani damu ya mwanangu ni nyekundu kama buni mbivu, lakini ilikuwa ya rangi ya usiku. Akajaza cha pili. Akasema vitapelekwa Mbeya, majibu baada ya siku tisa.

Siku tisa zile zilipita kama ndoto ya mgonjwa wa homa, huijui mwanzo wala mwisho. Judith alirudi kutoka msibani, akapika, akafagia. Hakuna aliyemwambia tulifunga. Tulikuwa tumeshakula, uji wa kwanza ulishashuka, na jambo la siri likishakwisha unaliacha hukohuko sirini.

Amoni alikwenda kuchukua majibu peke yake. Alirudi jua likiwa juu, akaweka karatasi mezani, akakaa.

"Ziko chini," akasema.

"Nini?" Judith akauliza.

"Homoni. Za kiume. Ziko chini."

Baadaye nilikuja kujua kwamba daktari alimwambia mambo mengine pia. Alimwambia arudie kipimo, asishike hiki kimoja. Amoni hakuyasikia. Mtu akishapigwa na neno moja, yanayofuata yanapita kama magari usiyoyangoja.

Ferdinand alipouliza, Amoni alimpa karatasi aisome, hata akamwacha aitoe nakala. Ndivyo alivyo, hajui kuficha. Na kutoka kwa Ferdinand ikafika kwa vijana wa barabarani, sijui kwa njia gani, lakini maneno hayahitaji njia. Nilimpelekea chakula siku moja kazini nikamsikia utingo mmoja akimwambia huku anacheka, "Fundi, unaziba matairi ya watu, kumbe lako ndilo lenye pancha!" Wenzake wakajipiga mapaja kwa kicheko. Amoni naye akacheka. Aliendelea kujaza upepo huku anacheka, na kicheko kile kilichelewa kuondoka usoni hata walipokwisha kwenda zao.

Kanisani ni mwimba besi. Jumapili ile alisimama mstari wa nyuma, midomo inakwenda, sauti haitoki. Mimi nilisikia pengo lake kama unavyosikia jino lililong'oka. Iliyofuata hakwenda.

Ndipo nikaichukua ile karatasi. Alikuwa ameikunja akaitupa nyuma ya kabati. Nikainyoosha kwa kiganja, nikaiweka ndani ya Biblia, nikapanda gari Jumatano asubuhi kwenda Vwawa. Nilimkuta Stamili anakunywa chai.

"Mama, hii ni ya mtu mwingine," akasema kwa upole alipoiona. "Siwezi kukusomea. Aje mwenyewe na daktari."

"Ni mwanangu."

"Najua, mama. Hata angekuwa mume wangu."

Nikakubali. Nikakaa. Kisha nikauliza lile nililokuwa nalo kifuani tangu njiani. "Basi nifundishe tu mimi, kama mtu yeyote. Hizo homoni ni nini?"

Akaweka kikombe. Nadhani alinihurumia, mama mzima na Biblia mapajani.

"Unaimba kwaya, mama?"

"Tangu msichana."

"Sasa ni hivi. Kichwani kuna kiongozi anayeanzisha wimbo. Huku chini kwa mwanamume kuna wanaoitikia. Damu inapochukuliwa, tunasikiliza sauti ya kiongozi, na tunasikiliza waitikiaji. Kama kiongozi anapiga kelele na waitikiaji kimya, tatizo liko huku chini. Kama wote wawili wako chini, tunajiuliza, mbona kiongozi hakuanzisha wimbo? Labda anaumwa. Labda kuna jambo limemnyamazisha."

"Jambo kama lipi?"

"Mengi. Ugonjwa. Dawa fulani. Kukosa usingizi. Njaa."

Chumba kikawa chepesi, kama dunia ilivyokuwa asubuhi ile kwenye lori.

"Njaa?"

"Mwili, mama, una akili. Ukikosa chakula siku kadhaa unasema, huu si wakati wa watoto, tuokoe uhai kwanza. Unafunga duka. Mtu akila na kulala, unafungua tena. Ndiyo maana tunauliza maswali yale kabla ya kutoa damu. Na ndiyo maana kipimo kikitoka chini hatukiamini mpaka kirudiwe asubuhi nyingine." Akanitazama. "Kwa nini, mama? Alikuwa amefunga?"

Nikairudisha karatasi ndani ya Biblia. Nilimshukuru, nikamwombea baraka, nikatoka. Na hapo ndipo lilipo kosa langu, wala si katika kufunga. Kufunga sikujua. Hili nilijua.

Ningerudi moja kwa moja nimwambie Amoni. Njia nzima nilikuwa namwambia, maneno yakipangana vizuri. Lakini nilipoingia uani nilikuta akina mama wa maombi wameketi kwenye mkeka wananisubiri, na Teresia akasema, "Kiongozi wetu huyo, ametoka kutuombea." Nikaketi. Nikafunua Biblia, karatasi ya mwanangu ikawa katikati ya kurasa, nikaifunika kwa mkono. Nikafikiri, nitasemaje mbele ya hawa kwamba maombi yangu ndiyo yaliyoharibu? Nikajiambia kufunga ni siri. Imeandikwa. Woga wangu nikauita Maandiko, ukakubali jina hilo bila shida.

Siku kumi na moja nilinyamaza. Nilikuwa nikilala naota duka limefungwa, milango ya mbao, na ndani mtu anaimba besi peke yake gizani. Naamka nimeshika shuka. Chumba chao na changu kinatengwa na ukuta mwembamba wa matofali, na alfajiri moja nilimsikia Amoni akisema polepole, "Nenda tu, Judith. Wewe bado kijana. Mimi sitakuchukia." Judith sikumsikia akijibu. Nilisikia kitanda kikilia na mtu akivaa kandambili.

Jumapili baada ya ibada wakaja. Ferdinand kutoka Nakonde, na shemeji yangu Mbonile, mdogo wa marehemu, ambaye ndiye mkubwa wa ukoo sasa. Tukaketi sebuleni. Begi la Judith lilikuwa karibu na mlango, la kijani, zipu imefungwa mpaka mwisho.

"Mimi sikuja kumtukana mulamu," Ferdinand akaanza. "Ni mtu mwema. Lakini miaka saba mmemwita dada yangu mti usiozaa."

"Nani alimwita?" Mbonile akaruka.

"Wewe, baba mdogo. Kwenye harusi ya mwanao Clever, mbele ya watu, ukiwa na glasi mkononi."

"Kilikuwa kinywaji kile kilichosema."

"Basi leo karatasi ndiyo inasema, na haijanywa." Ferdinand akaiweka nakala yake mezani. "Dada yangu hana kosa. Nimekuja kumchukua kwa heshima, kama alivyokuja."

Mbonile akamtazama Amoni muda mrefu, akatikisa kichwa. "Kaka yangu alizaa sita," akasema. "Hata hao waliokufa, lakini alizaa. Wewe umetoka wapi?"

"Mbonile!" nikasema.

"Nauliza tu, shemeji."

Amoni alikuwa ameweka mikono yake katikati ya magoti. Ile mikono haitoki weusi wa mpira hata akiisugua kwa mchanga. "Aende," akasema. "Simzuii. Nilishamwambia."

Judith alikuwa ameketi kwenye stuli karibu na begi. Hakulia. Alimtazama mume wake, kisha akanitazama mimi, na nikajua kwamba hakuwa amejibu kitu alfajiri ile, alikuwa bado anasubiri mtu mmoja katika nyumba hii aseme neno. Ferdinand alikuwa ameshainuka, mkono wake umeshika kishikio cha begi.

Nikasimama.

"Karatasi hiyo ni ya njaa," nikasema.

Wote wakanigeukia.

"Siku ile ya damu, Amoni alikuwa hajala siku tatu. Na usiku wake hakulala kabisa. Tulifunga, tukakesha. Mimi ndiye niliyemwambia. Alipoulizwa maabara akasema yuko vizuri, kwa sababu nilimfundisha kufunga hakutangazwi. Mwili ukikaa na njaa na bila usingizi, hizo homoni zinashuka. Mtu akila na kulala zinaweza kurudi. Arudie kipimo."

Mbonile akatoa kicheko kifupi. "Kwa hiyo Mungu ndiye aliyemnyang'anya uume?"

"Si Mungu. Ni mimi."

"Mama," Judith akasema taratibu, "ni zile siku nilizokuwa msibani?"

"Ndizo, mwanangu."

"Mlifunga kwa ajili yetu."

"Kwa ajili yenu. Na kwa ajili ya jina langu pia, nisiseme uongo Jumapili."

Ferdinand hakuwa ameachia begi. "Mama, nakuheshimu. Lakini haya ni maneno ya mzazi. Mzazi gani asingesema hivi mtoto wake akiaibika?"

"Muulize Stamili wa maabara. Si maneno yangu, ni yake. Alisema wazi kwamba kipimo kimoja hakiaminiki. Na sisemi atapona, wala sisemi hana tatizo. Nasema hiyo damu haikuwa damu yake ya kila siku."

Judith akainuka kwenye stuli. Akaweka mkono wake juu ya mkono wa kaka yake pale kwenye kishikio, akautoa kidole kimoja kimoja, kama anavyotoa maharage kwenye ganda. Begi likabaki chini.

"Kaka, nisubiri. Jumatatu ijayo tutakwenda Vwawa wote wawili. Atakuwa amekula ugali wangu wiki nzima na kulala kitandani kwake. Na kile kikombe pia atakifanya. Ataniambia mimi hawezi?"

Mbonile akakohoa. Amoni akainua uso kwa mara ya kwanza.

"Na ikitoka hivyohivyo?" Ferdinand akauliza.

"Itanikuta hapa."

Ferdinand akavuta pumzi, akaketi, akaweka kofia gotini. Hakukubali wala hakukataa, lakini aliketi. Nilisikia uzito ukinitoka mabegani, nikataka kumshukuru Mungu kwa sauti, na hata nilikuwa nimefungua kinywa.

"Mama." Alikuwa Amoni. "Huyo Stamili alikuambia lini?"

Ningeweza kusema jana. Hakuna aliyejua. Nilimtazama usoni, uso ule uliong'aa mafuta asubuhi ya ukungu.

"Jumatano ile nilipokwenda Vwawa."

"Jumatano ipi?"

"Si ya juzi. Ya wiki iliyotangulia."

Nilimwona akirudi ndani ya kichwa chake mpaka Jumatano ile, kisha akija mbele siku baada ya siku. Aliipita siku ya akina mama kwenye mkeka, akaipita Jumapili nyingine ambayo hakwenda kanisani, akaifikia alfajiri ile aliyomwambia mke wake aende. Alisimama muda katika kila moja. Nilitembea naye, nilijua mahali anaposimama.

"Ulijua," akasema.

"Nilijua, baba."

Akainuka. Akaliokota begi la Judith kwa mkono wa kushoto, na kwa mkono wa kulia, mbele ya shemeji yake na mbele ya baba yake mdogo, jambo ambalo hajawahi kulifanya hata siku ya harusi, akamshika mke wake mkono. Judith akasita, akanitazama, akamfuata. Walipita mbele yangu karibu kiasi kwamba begi lilinigusa goti. Nilingoja aseme jambo, hata la kunilaumu. Akainama kidogo mlangoni kama afanyavyo siku zote, maana ni mrefu kuliko mlango ule, akatoka na mkewe kuelekea barabarani.